Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Chama Tawala: Tuambieni Bei ya Kahawa Yetu Kabla Hatujaiachia

Moshi, Kilimanjaro

Kwa Viongozi wa Chama Tawala, Mkoa na Taifa,
na kwa Wabunge na Madiwani wa chama hicho katika wilaya zinazolima kahawa.

YAH: UTARATIBU WA KUKUSANYA NA KUUZA KAHAWA YA MKULIMA MDOGO

Waheshimiwa,

Salaam. Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni wakulima wa kahawa wa upande wa kusini wa Mlima Kilimanjaro, pamoja na watu waliofanya kazi ya ukarani, upimaji na ukaguzi katika maghala ya vyama vya msingi. Tunaandika hadharani kwa sababu njia za ndani zimekwisha. Hoja zilizomo humu zilianzia kwa karani, zikapanda kwa bodi ya AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, kwa mtendaji wa kata, ofisi ya ushirika ya wilaya, hadi kwa diwani. Jibu la kila ngazi ni moja: "Linafanyiwa kazi." Halina tarehe, wala halina jina la anayelifanyia kazi.

Tunawaandikia ninyi kwa sababu sera ni yenu. Kuanzia msimu wa 2018/19, serikali ya chama chenu iliagiza kahawa yote ya mkulima mdogo ipite kwenye ushirika na iuzwe mnadani, na wanunuzi binafsi waliokuwa wakinunua vijijini tangu soko lilipofunguliwa miaka ya 1990 wakazuiwa. Lengo lililotajwa ni kumkinga mkulima na walanguzi, wale wanaonunua kahawa ingali maua. Lengo hilo tunaliunga mkono. Wapo kati yetu waliokopeshwa gunia la mahindi mwezi wa Aprili wakalilipa kwa kahawa yenye thamani ya magunia manne. Lakini aliyefunga milango yote akaacha mmoja anawajibika kwa kila kinachotokea kwenye mlango huo. Kwa muda wote huu, bei ikipanda tunasikia jukwaani kwamba ni matunda ya utekelezaji wa ilani. Ikishuka tunaambiwa ni soko la dunia. Hilo ndilo lililotuchosha, na hoja zetu ni hizi.

1. Bei inayotangazwa jukwaani si bei ya kahawa tunayopeleka ghalani

Mkulima wa mlimani hupeleka kahawa ya maganda. Ni matunda yaliyomenywa siku ileile yalipochumwa, yakachachushwa, yakaoshwa, yakaanikwa kwenye vichanja wiki mbili hivi mpaka unyevu ukafika kati ya asilimia 10 na 12. Kilo 5 hadi 6 za matunda mekundu ndizo zinazozaa kilo moja ya maganda hayo. Kinachouzwa mnadani ni kahawa safi, iliyokobolewa na kupangwa madaraja. Katika kukoboa, karibu moja ya tano ya uzito hupotea: kilo 100 za maganda yaliyokaushwa vizuri hutoa kilo 80 hivi za kahawa safi, na yakiwa na maelea mengi, yaani buni nyepesi zisizojaa, hutoa pungufu.

Sasa kiongozi anapanda jukwaani na kusema kahawa imefika shilingi elfu kumi. Hasemi ni safi au ya maganda, hasemi ni daraja gani, wala kama ni bei ya juu kabisa ya siku ile au ni wastani. Mama mwenye kilo 300 za maganda nyumbani anapiga hesabu ya milioni tatu. Tuifanye hesabu hiyo kwa namba za mfano. Kilo 300 za maganda zinatoa kilo 240 safi. Bei ya juu kwa kawaida ni ya AA, buni zinazobaki juu ya chekeche namba 18 lenye matundu ya milimita 7 na kidogo, na hizo ni sehemu tu ya mzigo. Zilizobaki ni A, B, PB (buni za mviringo), C na zile nyepesi za AF na TT, kila moja na bei yake. Wastani wa madaraja yote ukiwa 8,500, kilo 240 zinaleta shilingi 2,040,000. Ukigawa kwa kilo 300 alizopeleka, kilo ya maganda ni shilingi 6,800, na hapo hakuna kato lililogusa.

Tofauti ya 10,000 na 6,800 hakuna aliyeiiba. Ni maganda na madaraja. Lakini kwa kuwa hakuna aliyeieleza, mama yule anarudi nyumbani akiamini karani ni mwizi, na karani aliye mwizi kweli anajificha ndani ya mkanganyiko huohuo. Mwenye kutangaza bei bila kusema ni ya nini anamsaidia huyo wa pili, hata kama hakukusudia.

Februari 2025 bei ya kahawa ya arabika katika soko la New York ilipita dola 4 kwa ratili, kiwango ambacho hakikuwahi kufikiwa. Ratili ni gramu 454, kwa hiyo kilo ya kahawa safi ilikuwa zaidi ya dola 8 na senti 80. Ukame wa Brazil ulichangia sana kuipandisha. Habari hiyo ilistahili kufika kwenye kila ubao wa AMCOS siku ileile, ikiwa imegeuzwa kuwa shilingi kwa kilo ya maganda, ili mkulima ajue anasimama wapi. Simu ya mkononi inatosha kwa kazi hiyo.

2. Mizani, gunia na unyevu

Hapa ndipo kilo zinapotea, na ni hapa tunaposikitika kuliko mahali pengine, kwa sababu dawa yake ni rahisi.

Kwanza, kukata desimali. Mizani inasoma 48.7, daftari linaandikwa 48. Mkulima mdogo hapeleki kahawa yote mara moja; hupeleka kadiri inavyokauka, pengine mara kumi kwa msimu. Kwa wastani kila mzani unampunguzia nusu kilo, kwa msimu ni kilo 5. Chama cha msingi chenye wanachama 400 kinakusanya tani 2 kwa njia hiyo. Kahawa hiyo ipo ghalani kabisa, ila haina jina kwenye daftari, na mwisho wa msimu hakuna anayesomewa hesabu yake.

Pili, uzito wa gunia. Gunia la katani lina uzito wa kilo moja hivi, mfuko wa plastiki ni takribani gramu 100. Karani anakata kilo moja kwa vyote viwili. Mwenye mifuko sita ya plastiki anapoteza zaidi ya kilo 5 nyingine.

Tatu, stika ya Wakala wa Vipimo. Kubandikwa kwa stika ya mwaka ni jambo jema lakini halitoshi. Mizani ya kidijitali iliyobebwa kwenye pikipiki na kuwekwa juu ya sakafu isiyo sawa hupotoka ndani ya wiki. Kinachohitajika ni jiwe la kilo 20 lililohakikiwa, likae kituoni, lipandishwe kwenye mizani kila asubuhi mbele ya mkulima wa kwanza, na matokeo yaandikwe. Kama haikusoma 20.0, kazi isimame.

Nne, unyevu. Vituo vingi havina kipima unyevu. Karani huuma buni au hutazama rangi. Mzoefu hujua, ila mzoefu naye ana ndugu na majirani. Kilo 100 za maganda zenye unyevu wa asilimia 14 zikikaushwa hadi 11 zinabaki kilo 96.6. Basi aliyeleta kahawa mbichi kalipwa kilo 3.4 za maji, na aliyekausha vema ndiye anayezilipa, kwa sababu mzigo huchanganywa na malipo hugawanywa kwa uzito. Mbaya zaidi, kahawa ya asilimia 14 ikikaa ghalani huota ukungu na kuambukiza harufu gunia la jirani. Muonjaji akiikuta ladha hiyo kwenye kikombe, mzigo mzima unashushwa daraja. Kipima unyevu kimoja kwa kila kituo kingemaliza ugomvi huu. Tuna hakika kinagharimu chini ya gharama ya hafla moja ya kufungua msimu.

3. Muda wa kusubiri malipo, na riba isiyotajwa

Mkulima analipwa malipo ya awali, halafu anasubiri mabaki. Tangu siku anapokabidhi hadi mabaki yanapoingia, kahawa inapita hatua hizi: inakusanywa hadi lori lijae, inasafirishwa hadi kiwandani, inasubiri foleni ya kukobolewa, inakobolewa na kupangwa madaraja, sampuli inaonjwa, inaingia kwenye orodha ya mnada, inauzwa, mnunuzi analipa, fedha zinapita chama kikuu (muungano wa vyama vya msingi) au moja kwa moja AMCOS, makato yanatolewa, orodha ya malipo inapelekwa benki, benki inarudisha majina yasiyolingana na kitambulisho cha taifa, orodha inaanza upya.

Hatua tatu ndizo zinazokwamisha. Lori kusubiri kujaa, hasa vijiji vya juu ambako kahawa hukomaa kwa kuchelewa, na mzigo wa Novemba hukaa ghalani peke yake. Foleni ya kiwanda Septemba na Oktoba. Na majina. Hili la majina linatia uchungu, kwa sababu lingeweza kusahihishwa Aprili, wakati hakuna kahawa na karani hana kazi.

Wakati wote huo kuna saa inayogonga. Malipo ya awali ni mkopo wa benki, na mkopo una riba. Tuchukue mfano: chama cha msingi kimekopa shilingi milioni 100 kwa riba ya asilimia 9 kwa mwaka, kikawalipa wanachama shilingi 5,000 kwa kilo, kwa kilo 20,000. Kahawa ikiuzwa baada ya siku 30, riba ni shilingi 740,000 hivi, yaani shilingi 37 kwa kilo. Ikiuzwa baada ya siku 90, riba ni shilingi 2,219,000, yaani shilingi 111 kwa kilo. Shilingi 74 zilizoongezeka hapo hazikusababishwa na mkulima wala na New York. Ni za lori, foleni na orodha. Lakini anayekatwa ni mkulima, na kwenye stakabadhi yake neno riba halimo. Limemezwa ndani ya "gharama za uendeshaji".

Sharti la kuuza mahali pamoja lingeambatana na sharti la kulipa kwa siku maalumu. La kwanza lilitekelezwa kwa amri, la pili likaachwa liende kwa hiari.

4. Makato

Mwaka 2017 ushuru wa halmashauri kwa mazao ya biashara ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi 3. Tulishukuru wakati ule na tunashukuru sasa. Baada yake kuna ushuru wa chama cha msingi, wa chama kikuu, usafiri, gunia, ukoboaji, riba, na michango ambayo haina jina la kudumu: leo ni ya ofisi, kesho ni ya sherehe ya kitaifa, keshokutwa ni ya kupokea mgeni. Mchango ukikatwa juu kwa juu kwenye kahawa, bila kupigiwa kura na mkutano mkuu, huo ni ushuru mwingine usio na sheria. Hatuna la kuongeza hapa ila kwamba ukome.

5. Ushirika umerudishwa mikononi mwa chama tawala

Waheshimiwa, hoja hii ni nzito na tunaomba isomwe taratibu.

Wakulima wa mlima huu walijiunga mwaka 1925 katika umoja wao wa wakulima wa kahawa, KNPA, wakati walowezi hawakutaka kabisa Mwafrika alime arabika. Mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha mlima huu. Ushirika huu ulikuwepo kabla chama chochote cha siasa kilichopo leo hakijaandikishwa. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika kwa uamuzi wa juu, kazi ikahamishiwa kwa mamlaka za mazao na vijiji. Malipo yalichelewa, gharama zikapanda, na sheria ya mwaka 1982 ikalazimika kuvirudisha, ingawa chini ya kivuli cha chama tawala. Sheria ya mwaka 1991 ndiyo iliyoutoa ushirika chini ya kivuli hicho. Na kanuni ya nne ya ushirika, iliyothibitishwa na vyama vya ushirika vya dunia huko Manchester mwaka 1995, inasema wazi kwamba ushirika ni chombo huru kinachotawaliwa na wanachama wake.

Tunachokiona leo katika vituo vyetu ni kurudi nyuma, kidogo kidogo, bila sheria kubadilishwa. Mkutano mkuu wa AMCOS unafunguliwa na kiongozi wa chama tawala, si mgeni wa heshima wa dakika tano bali mzungumzaji mkuu wa saa mbili, na ajenda ya mapato na matumizi inabakiwa na nusu saa jua likizama. Majina ya wagombea wa bodi yanajulikana kijijini kabla ya fomu kutoka. Mwanachama anayeuliza kuhusu kilo za ziada anaulizwa yeye ni wa chama gani. Akisema yeye ni wa chama cha msingi tu, anaambiwa ana ajenda yake.

Matokeo yake si ya kisiasa, ni ya kihesabu. Bodi inayojua imewekwa na nani haimwogopi mwanachama. Ripoti ya COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, ikitaja upungufu, husomwa kwa muhtasari wa maneno bila namba. Wajumbe walewale hurudi. Mrajis wa Vyama vya Ushirika anaweza kuivunja bodi, na kwingine amewahi kufanya hivyo, ila akivunja bodi hakuna anayerudisha kilo.

Tunasema hivi tukiwa tumechanganyika. Kati ya walioandika barua hii wapo wanachama wenu wa miaka mingi, wapo wa vyama vingine, na wapo wasio na kadi yoyote. Mzani hauulizi kadi.

6. Miche ya sherehe na mbolea ya mjini

Kituo cha utafiti cha Lyamungo kimefanya kazi ambayo mkoa huu una haki ya kujivunia. Miche chotara ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa nchini, inavumilia chulebuni na kutu ya majani, magonjwa mawili ambayo kwa mikahawa ya zamani yanadai dawa mara nyingi kwa msimu. Shida si miche. Shida ni siku inayogawiwa.

Shimo la mkahawa ni sentimita 60 kwa 60 kwa 60, linachimbwa miezi miwili au mitatu kabla, udongo wa juu ukitengwa na ule wa chini, kisha linajazwa udongo wa juu uliochanganywa na debe moja au mawili ya samadi iliyooza. Mche unaingia masika yakishatulia, Machi au Aprili, ili mizizi ishike kabla ya kiangazi. Ndipo mwaka wa tatu unaanza kuzaa. Miche inayogawiwa Juni au Julai kwa sababu ndiyo siku kiongozi alipopata nafasi ya kuja na wapiga picha, inakuta mvua zimekata na mashimo hayapo. Inakaa nyuma ya nyumba kwenye viriba. Mzizi mkuu unafika chini ya kiriba na kujikunja. Hata ukiupanda Novemba, mti wenye mzizi uliopinda hudumaa, hunyauka kila kiangazi, na mkulima anaapa kwamba mbegu mpya ni mbaya. Taarifa inayopelekwa juu huhesabu miche iliyogawiwa. Hakuna anayerudi kuhesabu iliyo hai baada ya miezi 12, na hiyo ndiyo namba pekee yenye maana.

Ndiyo maana lengo la kitaifa la tani 300,000 za kahawa ifikapo 2025 lilibaki maneno. Uzalishaji haukufika hata nusu yake.

Kuhusu mbolea ya ruzuku iliyozinduliwa Agosti 2022, tunakiri ni hatua kubwa. Namba ya siri inatumwa kwenye simu, na wazee wengi waliojiandikisha walitumia namba ya mtoto au mjukuu aliye Dar es Salaam, hivyo ujumbe unafika Dar na mbolea inabaki dukani. Wakala yuko mjini, na nauli ya kupandisha gunia mlimani inakula sehemu ya punguzo. Pelekeni mbolea kwenye ghala la AMCOS, ambalo kuanzia Februari hadi Juni liko tupu.

7. Usajili wa mashamba

Vijana wenye simu wanapita kwenye vihamba, mashamba yetu ya nyumbani, wakichukua alama za mahali. Tunafahamu sababu: kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inataka kahawa isitoke kwenye ardhi iliyokatwa misitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na kwa shamba la chini ya hekta 4, ambayo ni karibu vihamba vyetu vyote, alama moja inatosha. Utekelezaji wake umeahirishwa, na muda huo ungetumika kutoa elimu. Kihamba chenye migomba, mikahawa na miringaringa kinaweza kusomeka kutoka angani kama msitu, na mkulima akiuza mbao za migrevilea yake kinaweza kusomeka kama msitu uliofyekwa. Nani anatunza taarifa hizo, nani atamtetea mkulima zikisomwa vibaya, na je, mkulima anapewa nakala? Hakuna aliyeambiwa.

Majibu ambayo tumekwisha kuyasikia

Mtasema bei inapangwa na dunia. Ni kweli, ndiyo maana humu hatujawaomba mpandishe bei. Tumeandika juu ya desimali, magunia, foleni, riba na mikutano, na hakuna hata kimoja kinachopangwa New York.

Mtasema AMCOS ni yetu, tuliichagua wenyewe. Itakuwa yetu siku mtakapokaa mbali na uchaguzi wake.

Mtasema tunataka walanguzi warudi. Hapana. Baadhi yetu tungependa wanunuzi wenye leseni waruhusiwe kushindana na AMCOS kwa uwazi, wengine wanaogopa ushirika utakufa kabisa. Kwa hilo hatujakubaliana na hatutajifanya tumekubaliana. Tulichokubaliana ni kwamba vikundi vyenye mitambo yao ya kumenyea, vinavyotunza ubora kuanzia kwenye tunda, viruhusiwe kuingia mikataba ya moja kwa moja bila kuzungushwa.

Mtasema vifaa havina bajeti. Ushuru wa asilimia 3 unatoka kwenye kahawa hii hii. Jiwe la mizani na kipima unyevu vitangulie matumizi mengine ya ushuru huo.

Tunachoomba

Kabla msimu haujafunguliwa mwezi Julai:

(a) Kila kituo kiwe na jiwe la kilo 20 lililohakikiwa na kipima unyevu kinachofanya kazi, na stakabadhi iandikwe uzito kamili hadi desimali moja, aina ya gunia, na kiwango cha unyevu.

(b) Kila Ijumaa ubao wa AMCOS uonyeshe bei ya wastani ya mnada kwa kila daraja, na chini yake bei hiyo ikiwa imegeuzwa kuwa ya kilo ya maganda. Kiongozi yeyote anayetaja bei hadharani aseme ni ya kahawa gani.

(c) Mabaki yalipwe ndani ya siku 14 baada ya mnunuzi kulipa. Riba ya siku zinazozidi hapo isikatwe kwa mkulima.

(d) Makato yote yaandikwe moja moja kwenye stakabadhi ya mwisho, riba ikiwemo, na mchango wowote usiopigiwa kura na mkutano mkuu urejeshwe.

(e) Chama chenu kitoe waraka kwa viongozi wake wa kata na matawi, uliosainiwa na kubandikwa hadharani, unaowakataza kupanga majina ya wagombea wa bodi za AMCOS na kutumia mikutano mikuu ya ushirika kwa shughuli za chama.

(f) Ripoti kamili ya ukaguzi, yenye namba, ibandikwe ghalani siku 14 kabla ya mkutano mkuu.

(g) Miche igawiwe Machi na Aprili tu, na kata itoe taarifa ya iliyo hai baada ya mwaka mmoja.

(h) Kila aliyesajiliwa shamba apewe nakala ya taarifa zake.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 30 za kujibu. Chama si ofisi ya halmashauri, tunajua, lakini tunaomba mjipe muda huohuo. Jibu lije kwa maandishi, hoja kwa hoja, kwa namba tulizoweka. Hoja ambayo hamkubaliani nayo, andikeni kwamba hamkubaliani na sababu yake. Hiyo nayo ni heshima. Siku 30 zikipita bila jibu, barua hii itasomwa katika kila mkutano mkuu wa AMCOS ambao tuna haki ya kuhudhuria kama wanachama, na tutaomba iingizwe kwenye kumbukumbu za mkutano pamoja na tarehe ambayo mliipokea.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Wakulima wa kahawa, upande wa kusini wa Mlima Kilimanjaro,
na waliokuwa makarani na wapimaji wa vituo vya kukusanyia kahawa.

Nakala kwa:
Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro
Mrajis wa Vyama vya Ushirika
Bodi ya Kahawa Tanzania
Mbao za matangazo za AMCOS